Viti Saba na Paa la Turubai

Katika familia yetu kuna kisa kinachosimuliwa kila tunapokutana, nacho kimepewa jina la "siku Mzee alipotoroka harusini". Husimuliwa kwa vicheko na watu ambao wengi wao walikuwa ukumbini wakisubiri pilau wakati mambo yenyewe yakitokea, na hawakuona lolote. Mimi sikutoroka. Niliondoka kwa miguu, mchana kweupe, kupitia lango kuu, baada ya kumkabidhi mtu mzima ufunguo wa gari mbele ya mashahidi. Kutoroka ni neno lenye maana yake, na mtu aliyetumia maisha yake ya kazi kuandika taarifa za serikali hawezi kuliacha likae mahali pasipo pake. Nitaeleza basi jinsi ilivyokuwa, tangu mwanzo wake, ambao haukuwa harusini.

Rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa Parklands ambaye kwa miaka mingi aliiletea ofisi yetu karatasi na wino, alikuwa na gari dogo la milango miwili, la aina ile iliyoundwa kwa barabara mbaya, lenye gurudumu la akiba mgongoni na paa la turubai linalofungwa kwa vifungo kama koti la mvua. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka kwa jua. Nyuma palikuwa na kibenchi ambacho hakuna mtu mzima angekikalia kwa hiari. Ofisini tulimcheka. Tajiri mwenye duka la orofa mbili, tukasema, anatembea na kibanda chenye magurudumu. Naye hakuudhika.

"Gari kubwa ni ya bibi na watoto," alikuwa akijibu. "Hii ni yangu."

Siku moja ya sikukuu ya taifa alinipitia nyumbani, akafungua vifungo, akakunja turubai, tukapanda kuelekea Ngong. Nilikuwa nimevaa tai, kwa maana nilidhani tunakwenda kumtembelea mtu. Upepo uliiinua tai ile ikawa inanichapa usoni hadi nikaivua na kuitia mfukoni. Injini ilikuwa na kelele kiasi kwamba hatukuweza kuzungumza, basi hatukuzungumza. Kule juu aliizima, tukala mahindi ya kuchoma tukiwa ndani ya gari kama watu walioketi barazani, kisha tukarudi. Hakuna kingine kilichotokea. Lakini nilijikuta, katikati ya mikutano mirefu, nikiuwaza ule mkono wa gia mwembamba uliokuwa ukitetemeka, na nikaamua kwamba nitakapostaafu nitanunua gari kama lile, na siku zangu zitakuwa zangu.

Nilistaafu nikiwa na uamuzi huo. Niliuza gari langu la zamani la saluni, nikaita kikao cha familia nyumbani kwetu Mutuini ili kuwaarifu. Neno hilo nalitilia mkazo: kuwaarifu, si kuwaomba idhini. Lakini kaka ya mke wangu, ambaye tangu baba yao afariki hujiona mwenyekiti wa kila jambo, aliketi kwenye kiti cha katikati, na kikao kikawa chake.

"Shemeji," alisema, "mtu wa cheo chako apite mjini ndani ya kiberiti?"

"Si kiberiti. Ni gari la magurudumu manne."

"Hata kitanda cha hospitali kina magurudumu manne."

Binti yangu alicheka hadi akamwaga chai. Mke wangu hakucheka.

"Na goti langu hili," aliuliza, "utalipandisha kwa winchi? Na wajukuu utawafunga juu ya turubai kama magodoro?"

Nilishindwa kwa haki. Goti lilikuwa la kweli. Wajukuu walikuwa wa kweli. Kanisa, kliniki, safari za kwao magharibi ya nchi, yote yalikuwa ya kweli. Hoja yangu mimi ilikuwa upepo na kelele za injini, na hoja kama hiyo haisemeki mbele ya watu waliokunja mikono. Likapitishwa gari la familia.

Tulilinunua katika yadi moja ya magari ya Ngong Road: gari la viti saba, la rangi ya fedha kama yalivyo mengi ya aina yake, lililotumika Japani na ambalo hadi leo lina sauti ya mwanamke wa Kijapani anayetamka jambo fulani kwa upole kila unapowasha injini. Hatujawahi kujua anasema nini. Mke wangu humjibu, "Asante, mama."

Gari lenyewe silisemi vibaya. Ni tulivu, halinywi mafuta ovyo, milango yake hufungwa bila kupigwa. Niliweka sharti moja tu, kwamba lingeendeshwa na mimi peke yangu. Nilikuwa nimeona ofisini magari ya serikali yakirudi yamebonyea, kila dereva akimtaja mwenzake, na niliapa kwamba nyumbani kwangu jambo hilo halitatokea. Binti yangu, ambaye huendesha gari la kazi kila siku akisambaza vifaa vya hospitali kutoka Industrial Area hadi Naivasha, alilichukua sharti hilo kama tusi.

"Baba, mimi kazini napewa lori. Wewe unaninyima hii basi ya Sunday school?"

"Lori ni la mwajiri wako. Likikwaruzwa ataulizwa yeye."

Sikufikiria wakati ule kwamba gari lenye dereva mmoja huwa na mfungwa mmoja. Ndugu wote wa pande zote mbili walijua sasa kwamba kuna viti saba Mutuini, na kwamba aliye na ufunguo hana kazi. Simu zilianza kabla ya chai ya asubuhi. Hawakuwa wakiuliza kama niko. Walikuwa wakiuliza kama gari liko. Nilipeleka wazee kliniki. Nilipeleka kwaya kwenye mashindano, na waimbaji wa sauti ya nne, ile nzito, walifanya mazoezi nyuma ya kisogo changu kuanzia Kawangware hadi Thika. Nilifuata magari ya maiti kwenda magharibi, na kila tuliporudi tulirudi na mikungu ya ndizi, na mara moja na jogoo ambaye aliachwa chini ya kiti na aliyejitambulisha siku iliyofuata nikiwa mbele ya lango la shule ya wajukuu. Nilipeleka wajumbe wa mahari, wakapatana, na nikapeleka wengine, wasipatane, na hao wa pili walinilaumu kwamba niliendesha polepole wakafika wakiwa wamechoka.

Kibaya kupita vyote kilikuwa katikati ya jiji. Nilifanya kazi pale tangu ujana wangu, na katika miaka ya mwisho nilikuwa na nafasi yangu ya kuegesha chini ya jengo, yenye nambari. Sasa nilirudi pale kama dereva. Mdogo wa mke wangu aliniambia kila mara, "Shemeji, naingia benki dakika mbili tu, usizime injini," naye aliingia benki, na kutoka benki akakutana na mtu wa kwao, na kutoka kwa mtu huyo akaona viatu. Sikuweza kuegesha, kwa sababu hakukuwa na nafasi. Sikuweza kusimama, kwa sababu askari wa jiji walikuwa wakipita na minyororo yao ya kufunga magurudumu. Nilizunguka. Nilipita mbele ya ofisi yangu ya zamani, nikakata kona, nikapita tena, na vijana niliowafundisha kazi walikuwa wakivuka barabara mikono mitupu, koti begani, wakienda kula. Mmoja aliniona, akaja dirishani kwa heshima.

"Mzee, umeanza biashara ya teksi?"

Nilimwambia kwamba namsubiri shemeji yangu. Alinitazama kwa huruma niliyoiona waziwazi, akanitakia siku njema.

Hali ilikuwa hiyo nilipopigiwa simu na mjane wa rafiki yangu wa Parklands. Mumewe alikuwa amefariki na yeye alikuwa anajiandaa kwenda ng'ambo kuishi na mwanawe. Nyumba ilikuwa imeuzwa. Vitu vilikuwa vinaondoka kimoja kimoja. Kigari kilikuwa bado barazani chini ya shuka.

"Kuna dalali anakitaka," alisema. "Lakini bwana alikuwa anasema, yule rafiki yangu wa serikali anakipenda. Wewe kwanza, bhai." Ndivyo alivyoniita siku zote, ndugu kwa lugha ya kwao. "Kuja Jumamosi, kabla ya saa sita. Saa sita ikipita, huyo dalali anakuja na pesa mkononi, na mimi siwezi kumwambia hapana mara ya pili. Niko na ndege Jumapili."

Nilimwahidi. Nilikuwa na akiba ya kutosha, ambayo sikuwa nimemweleza mwenyekiti yeyote. Jumamosi hiyo ilikuwa harusi ya binti wa shemeji yangu, yule yule wa kitanda cha hospitali, na kwa bahati niliyoichukulia kuwa ya Mungu, harusi ilikuwa katika kanisa moja la Parklands, mitaa miwili kutoka kwa mjane. Kazi yangu ilikuwa kuwabeba shangazi za bibi harusi, yaani dada za mke wangu, kutoka Mutuini hadi kanisani, na alasiri, baada ya chakula, kuwapeleka bustanini kupigwa picha. Ibada ingekwisha mapema. Kati ya ibada na chakula ningetembea kwa mjane, nikamilishe mambo, nirudi.

Nilimweleza mke wangu usiku wa Ijumaa. Hakupinga. Aliuliza swali moja tu.

"Ukishakipata hicho kigari chako, hili kubwa litaendeshwa na nani?"

Nilimwambia tutaona. Lakini nilikuwa nimeshaona. Kigari kina viti viwili. Mtu mwenye kigari cha viti viwili hatumwi kuchukua kwaya. Kigari kile kingekuwa mlango wangu wa kutokea, na ulikuwa unafungwa saa sita.

Sasa inanibidi nieleze jambo ambalo kila mwenye gari Nairobi analijua na hakuna anayelizungumzia. Katika harusi za jiji hili, anayefika kwa wakati huadhibiwa. Mimi hufika kwa wakati; sijui kufika vinginevyo. Tulifika wakati wapambaji bado wanafunga vitambaa vyeupe, na mlinzi wa kanisa, kwa furaha ya kumpata mtu wa kwanza, alinielekeza hadi ndani kabisa, ukutani, nyuma ya tangi la maji. "Hapo, mzee. Hapo hakuna mtu atakusumbua." Kisha wakaja waliochelewa kidogo, wakapangwa mbele yangu. Kisha waliochelewa zaidi. Waliofika wakati maharusi wanavishana pete waliegesha langoni, na hao ndio huondoka wanapotaka.

Zamani jambo hili lilikuwa na dawa yake. Kila aliyemzibia mwenzake aliacha gari lake bila gia na bila breki ya mkono, na aliyetaka kutoka aliita wanaume wawili, wakalisukuma huku, wakalisukuma kule, na mwenye gari hata hakujua kwamba limetembea. Ulikuwa ustaarabu wetu na ulifanya kazi. Siku hizi magari yanajibadilishia gia yenyewe, na ukitoa ufunguo yanajifunga yenyewe. Mtu huondoka na ufunguo mfukoni akiamini amefanya vizuri, na gari lake linabaki pale kama nguzo ya umeme.

Ibada ilikwisha. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi za kanisa, nikielekea langoni, nilipoona wingu. Sikuwa nimeliona peke yangu. Mpiga picha alikuwa amesimama uani, kidole juu, akimwambia bibi harusi kwamba mvua itaanguka alasiri na picha zipigwe sasa hivi, chakula baadaye. Shangazi wote, katika magauni yao ya zambarau ya kitambaa kimoja, waligeuka kwa pamoja kama wanajeshi, wakaja kwangu.

"Shemeji, tunatoka."

"Ratiba inasema baada ya chakula."

"Ratiba inanyeshewa, shemeji. Leta gari."

Nilikwenda hadi tangi la maji. Gari langu lilikuwa limezungukwa safu tatu. Nilijaribu magari ya mbele yangu moja baada ya jingine kwa kuyasukuma kwa kiganja, kama tulivyozoea. Hakuna lililosogea. Lile lililoziba kabisa njia lilikuwa kigari cheupe cha mgeni mmoja, kidogo kama kabati, kilichokuwa kimeachwa kwa mshazari. Nikatazama saa. Haikuwa bado saa sita, lakini ilikuwa inakuja bila kupunguza mwendo.

Nilikwenda ukumbini nikamwomba mwongozaji wa sherehe, kijana mwenye koti la kumetameta, atangaze nambari ya kigari kile cheupe. Alitangaza. Kisha, kwa sababu kijana wa namna hiyo hawezi kuacha jambo likapita bila kulifanyia mzaha, akaongeza, "Wadau, kuna buda hapa anataka kuhepa kabla keki ikatwe! Mzee wetu, kwani nyumbani umeacha maziwa kwa moto?"

Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Hakuna aliyesimama. Akatangaza tena. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba mwenye kigari hicho alivuka barabara kwenda kumwona mgonjwa hospitalini, kwa kuwa alikuwa karibu. Nikamwuliza ni hospitali gani. Akajibu kwamba hapo Parklands hospitali ni nyingi.

Nilisimama uani nikiwa nimeshika ufunguo. Nataka msomaji aielewe hali yangu vizuri, kwa sababu ndiyo inayopotoshwa. Mjane alikuwa mitaa miwili mbali, na miguu yangu ni mizima. Hakuna ukuta ulionizuia. Lakini ufunguo ulikuwa mmoja, na shangazi wale walikuwa wamesimama kando ya gari, wengine wameshavua viatu. Nikiondoka na ufunguo, mwenye kigari cheupe akirudi njia ingefunguka na gari lingebaki limesimama. Bibi harusi angepigwa picha bila shangazi zake, na jambo hilo lingezungumzwa katika ukoo hadi watoto wake waolewe. Nikibaki, saa sita ingepita.

Binti yangu alikuja akiwa amebeba viatu vyake vya visigino mkononi. Alinitazama usoni, akaitazama saa yangu. Mama yake alikuwa amemweleza.

"Baba, ni saa ngapi wanachukua hicho kigari?"

"Saa sita."

"Na wewe unangoja nini hapa?"

"Nangoja mwenye gari hili."

"Nipe ufunguo. Mimi nitamngoja."

Nilimwambia kwamba pana nafasi finyu sana, kwamba tangi la maji liko upande wa kushoto na halionekani kwenye kioo, kwamba yule shangazi mkubwa hapendi dirisha lifunguliwe. Nilimweleza kuhusu breki. Alinisikiliza kwa utulivu, mkono umenyooshwa. Nikaanza kumweleza kuhusu mwendo wa kushuka Westlands. Kwa hesabu yangu mwenyewe, maelezo yale yalikuwa marefu kuliko njia ya kwenda kwa mjane.

"Baba," alisema, "unaniogopea gari au unaogopa kuliacha?"

Shangazi mkubwa akadakia, "Mpe mtoto ufunguo, shemeji, jua litatuyeyusha poda!"

Nikampa. Hayo ndiyo makabidhiano ninayoyasema, na mashahidi wake walikuwa wamevaa zambarau.

Nilitembea kama mtu wa umri wangu anavyoweza kutembea bila kukimbia. Nilipita hekalu, ambako familia zilikuwa zikitoka na masinia ya peremende. Nilipita maduka ya dawa na wagonjwa wanaongoja kwenye mabenchi ya nje. Na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilikuwa katika barabara ya Nairobi bila kutafuta pa kuegesha. Sauti ya adhana ya adhuhuri ilianza nilipokata kona ya mwisho. Hapa Nairobi adhana ya adhuhuri husikika saa sita ikiwa imeshapita. Nililijua hilo na bado niliongeza mwendo.

Lango la mjane lilikuwa wazi. Kigari kilikuwa kimeshatolewa barazani na kuelekezwa barabarani, turubai limekunjwa, na kijana mnene mwenye miwani ya jua alikuwa kwenye usukani. Shuka la kigari lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya ngazi. Mjane alikuwa amesimama karibu na nguzo ya lango.

"Bhai," alisema, "mimi nilisimama hapa. Nilisimama hapa hapa, natazama barabara."

Nilimweleza kuhusu magari yaliyonizibia. Nilisikia, hata nikizungumza, kwamba maelezo yangu yalikuwa ya kweli na hayakuwa na faida.

"Wewe hujachelewa hata siku moja," aliendelea. "Bwana alikuwa anaweka saa yake kwa wewe. Nikasema, kama huyu hakuja, basi hataki."

"Nilitaka."

"Sasa nimeshika pesa ya huyu. Nimempa neno."

Sikumwomba alivunje. Alikuwa ameniambia saa sita, na saa sita ilikuwa imepita, na mimi ni mtu wa mwisho ambaye angeweza kudai kwamba saa iliyokubaliwa haina uzito. Nilimwuliza dalali kama angeniuzia. Akashusha miwani.

"Mzee, ningekupea, haki ya Mungu. Lakini niko na customer wa Karen anakaa kwa simu kama mtu anangoja mtoto azaliwe." Kisha, labda kwa sababu ya jinsi nilivyokuwa nikipumua, akauliza, "Unaenda wapi saa hii? Panda nikuangushe."

Nilimuaga mjane. Alinishika mikono yote miwili, akaniombea afya, nami nikamtakia safari njema. Nikapanda. Kiti kilikuwa cha chini kuliko nilivyokumbuka. Dalali alikuwa mwendeshaji mbaya: aliziminya gia hadi zikalia, na nilijizuia kumwambia. Mkono wa gia ulikuwa ukitetemeka kati yetu. Kelele ilikuwa ile ile. Alizungumza njia yote na sikusikia neno, na mitaa ile miwili ikaisha kabla sijapata pa kushika.

Aliniteremsha langoni mwa kanisa, akapiga honi, akaenda zake.

Uani, nyuma ya tangi la maji, palikuwa patupu. Mke wangu alikuwa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, goti limenyooshwa.

"Limetokaje?" nilimwuliza.

"Binti yako aliita vijana wa kwaya. Wakakishika kile kigari cheupe huku na huku, wakakiinua, wakakiweka kwenye maua." Akalikanda goti lake. "Umekipata?"

"Sikukipata."

Alisogeza kiti cha pili kwa mguu wake mzima. Nilikaa. Mwenye kile kigari cheupe alirudi kutoka hospitalini, akakikuta kwenye maua, akaanza kufoka akimtafuta wa kumfokea, na sikuinuka kumweleza.

Mvua ilinyesha kama alivyotabiri mpiga picha. Jioni, wakati wa kurudi Mutuini, gari liliingia langoni mwa kanisa bila mkwaruzo. Nililizunguka lote kuhakikisha. Binti yangu hakushuka kwenye usukani. Shangazi mkubwa alikuwa mbele, kwa sababu ya uzito wake na umri wake. Viti vya katikati vilikuwa na mke wangu na wawili wengine. Nikabaki mimi na safu ya nyuma kabisa, ambayo katika muda wote wa kulimiliki gari hilo sikuwahi kuikalia. Walikikunja kiti cha katikati, nikapenya kwa kuinama, wakakirudisha. Magoti yangu yalifika kifuani. Pembeni yangu kulikuwa na sufuria la pilau lililofunikwa kwa leso. Dirisha la huko halifunguki. Nilisafiri hivyo, Westlands hadi Kawangware, Kawangware hadi nyumbani, katika foleni ya magari na mvua, nikitazama visogo vya watu wanaoimba, na katika safari nzima hakuna aliyeniuliza njia wala kuniomba nisimame mahali.

Tulipofika walishuka wote, wakabeba sufuria, wakabeba viatu, wakaingia ndani wakiendelea kuimba. Walinisahau. Kutoka safu ile haiwezekani mpaka mtu wa nje akunje kiti. Niligonga kioo kwa pete. Binti yangu alirudi akikimbia, akafungua mlango, akaweka mkono kwenye kile kishikio cha kukunjia kiti, lakini hakukivuta.

"Baba, pole kwa kigari."

"Nimekusikia. Nitoe."

"Jumatatu niko likizo wiki nzima. Mama mdogo anaenda mjini benki. Nimpeleke?"

"Yeye husema dakika mbili."

"Mimi nitamwambia arudi kwa miguu."

Nilimwambia kwamba mafuta huwekwa yakifika nusu, si yakiisha. Nilimwambia kuhusu gurudumu la nyuma la kulia. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kishikio.

"Kaa na ufunguo," nikasema.

Akakunja kiti. Nilitoka kinyumenyume, nikishika bega lake, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Jumatatu asubuhi nilisikia mwanamke wa Kijapani akisema neno lake uani, kisha lango. Nilikuwa mezani na chai. Nilikuwa nimevaa viatu. Sikuwa na pa kwenda, wala chombo cha kunipeleka, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kujua niko wapi. Muda mfupi baadaye nikasikia honi kwenye kijia chetu, ambacho hakitoshi magari mawili: lori la maji lilikuwa limeingia kutoka upande wa barabara, na binti yangu alikuwa amekutana nalo uso kwa uso. Kwa desturi mimi ndiye hutoka kwenda kuelekeza nani arudi nyuma. Honi ililia tena. Shemeji yangu wa benki alipaza sauti akiniita kwa cheo changu cha zamani cha ofisini.

Nilijimiminia kikombe cha pili.